Mafini za jibini: vipimo, moto na mambo yanayoziharibu

Mapishi mengi ya mafini za jibini ni keki iliyonyimwa sukari, kisha ikarushiwa jibini juu. Matokeo yake yanajulikana: chini zimelowa mafuta, katikati ni nzito, na ladha ya jibini huipati mpaka uambiwe imo. Kisa ni kwamba jibini haiingii kwenye rojo mikono mitupu. Gramu 200 za cheda huja na mafuta ya gramu 65 hivi, maji zaidi ya gramu 70, na chumvi inayokaribia nusu kijiko cha chai. Usipoyatia hayo kwenye hesabu ya siagi, maziwa na chumvi, umeshakosea kabla hujawasha oveni. Vipimo vya hapa chini vimepangwa kwa kuihesabu jibini kwanza.

Vinatoa mafini 12 kwenye trei ya kawaida, ile yenye matundu ya upana wa sentimita 7 hivi kwa juu:

- Unga mweupe wa ngano, gramu 280 (vikombe 2 na robo, ukichota kwa kijiko na kumimina kikombeni bila kushindilia)
- Beking pauda, vijiko 3 vya chai
- Beking soda, robo kijiko cha chai
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Sukari, kijiko 1 cha mezani
- Haradali ya unga, kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- Jibini ngumu yenye ladha kali, gramu 200
- Vitunguu majani, mashina 4, vikatwe vyembamba
- Mayai 2
- Mtindi au maziwa lala yasiyo na sukari, mililita 240
- Mafuta ya alizeti, mililita 60
- Siagi, gramu 30, iyeyushwe na kupoa

Vijiko vyote ni vya kusawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha mlima cha beking pauda huwa karibu viwili, na uchungu wake utausikia nyuma ya ulimi. Kama una mizani ya jikoni, itumie kwa unga na jibini hata kama vingine vyote unapima kwa kijiko. Hivyo viwili ndivyo vinavyodanganya zaidi kikombeni. Jibini iliyokwanguliwa vipande vikubwa hujaza kikombe kwa gramu 80 tu, iliyokwanguliwa laini na kubanwa hufika 120.

Sukari imewekwa kwa ajili ya rangi na unyevu. Kijiko kimoja hakileti utamu wa kusikika. Haradali nayo haionekani wala haitajiki mezani, lakini ukiiacha utaona jibini imepooza. Usipoipata ya unga, weka kijiko kimoja na nusu cha ile ya chupa na uichanganye na mayai.

Unga unaouzwa ukiwa tayari umetiwa beking pauda, unaopatikana sana Kenya, unafaa. Ila ukiutumia, acha beking pauda yote na upunguze chumvi iwe robo kijiko, kwa sababu wenyewe huwa na chumvi yake. Soma pakiti. Ukiongeza vijiko vitatu juu ya ule uliomo, mafini zitapanda kwa kasi dakika kumi za kwanza, kisha zitabonyea katikati.

Jibini ipi

Kanuni ni moja: kadiri jibini inavyokuwa kavu na iliyokomaa, ndivyo inavyofaa. Cheda iliyokomaa ndiyo rahisi kupata madukani. Gauda inafuata, lakini ile changa ni laini mno kiladha. Ukiwa nayo, weka gramu 160 zake na gramu 40 za parmesani au jibini nyingine ngumu ya kukwangua. Jibini ya Goma, ile inayotengenezwa Masisi huko Kivu Kaskazini, ni ya ugumu wa wastani kama gauda na inakubali vizuri, hasa ikiwa imekaa wiki kadhaa na ganda limekauka.

Mozarela ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kupatikana na watu wanaipenda kwa kuvutika kwake. Ina maji mengi na ladha kidogo. Mbichi ile inayouzwa ndani ya maji usiitumie kabisa. Ile kavu ya pizza inaweza kuwa nusu ya jibini yako, nusu nyingine iwe kitu chenye nguvu. Na kuvutika kwenyewe hudumu dakika tano baada ya kutoka motoni. Ikipoa inakuwa mpira.

Jibini ya vipande vya mraba vilivyofungwa kimoja kimoja, pamoja na ile ya pembetatu ya kupaka mkate, imetiwa chumvi maalumu zinazoifanya iyeyuke bila kuachana na mafuta yake. Kwenye mafini hupotelea ndani ya unga na kukuachia chumvi tu. Ipake juu ya mafini ukipenda, usiioke ndani.

Jibini inayouzwa ikiwa imekwanguliwa tayari imepakwa wanga ili isigandane. Haitaharibu mafini, lakini haiyeyuki vizuri, na mara nyingi bei yake kwa kilo iko juu. Nunua kipande, kikwangue mwenyewe. Kwenye joto la Dar au Mombasa, kiweke kwenye friza dakika 15 hadi 20 kwanza, la sivyo kitapondeka kwenye kikwaruzio na kuwa bonge la mafuta.

Gawa gramu 200 hizo sehemu tatu. Gramu 110 zikwangue kwa upande wa matundu makubwa. Gramu 40 zikate vipande vya mraba vya sentimita moja. Gramu 50 zikwangue pia, za kuweka juu. Vile vipande ndivyo siri: iliyokwanguliwa inatawanya ladha kote, vipande vinabaki kama vijishimo vya jibini iliyoyeyuka, na mlaji anajua anakula nini.

Kuchanganya

Washa oveni kwanza, nyuzijoto 200, chuma cha kuwekea trei kikiwa katikati. Ipe dakika 20 kamili. Taa ya oveni ndogo za mezani huzimika hewa ya ndani ikishapata moto, lakini kuta bado ni baridi, na mafini zinahitaji joto lile la kuta dakika za mwanzo ili zipande.

Mtindi na mayai vitoe kwenye friji nusu saa kabla. Ukimimina siagi iliyoyeyushwa kwenye mtindi wa baridi, siagi inaganda papo hapo kuwa chembechembe, na chembe hizo huyeyuka baadaye ndani ya oveni na kuacha mashimo yenye mafuta. Mtindi uwe wa kumiminika. Ule mzito wa kuchotwa kwa kijiko uulegeze: mililita 180 za mtindi, 60 za maziwa. Huna mtindi? Mililita 225 za maziwa na kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau au siki, vikae dakika kumi. Na angalia mtindi usiwe wa vanila. Linaonekana jambo la kuchekesha mpaka litokee.

Paka trei siagi, nyunyizia unga, gonga ili uliozidi utoke. Vile vikaratasi vya keki vya kawaida hunata kwenye mafini za jibini kwa kuwa hazina sukari na mafuta mengi ya kuziachanisha. Kama lazima utumie karatasi, kata miraba ya sentimita 13 ya karatasi ya kuokea na uisukume matunduni kwa glasi ndogo.

Chekecha unga, beking pauda, beking soda na haradali kwenye bakuli kubwa. Tia chumvi, sukari, pilipili manga. Kisha mwaga jibini iliyokwanguliwa, vile vipande, na vitunguu majani ndani ya unga huu mkavu, na uvichambue kwa vidole mpaka kila kipande kivae unga. Wengi hutia jibini mwisho, rojo likiwa tayari. Hapo wanalazimika kukoroga tena, na jibini iliyo tupu hushikana na kuzama.

Kwenye bakuli la pili piga mayai kwa uma, tia mtindi, mafuta na siagi. Fanya shimo katikati ya unga, mimina vyote kwa mkupuo, kisha geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, mizunguko 12 hadi 15. Acha mara tu unga mkavu unapopotea. Mabonge madogo yabaki, yataiva yenyewe. Rojo linatakiwa kuwa zito, la kudondoka kwa mafungu ukiinua mwiko, wala lisitiririke.

Hapa ndipo mkono wa chapati unapoharibu kazi. Ngano ikilowa na kusuguliwa inajenga gluteni, nyuzi zile zile tunazozitafuta kwenye donge la chapati au maandazi. Kwenye mafini nyuzi hizo hubana gesi, gesi inatafuta njia ya kutokea, na ukipasua mafini unakuta vijia virefu vilivyosimama wima na nyama yake inatafunika kama mpira. Mashine ya kupigia keki iache kabatini.

Jaza matundu mpaka robo tatu, tandaza zile gramu 50 juu, na uingize ndani. Mtindi na beking soda vimeshaanza kutoa gesi tangu vilipokutana, kwa hiyo rojo lisipitishe dakika 15 nje.

Dakika 18 hadi 22. Usifungue mlango kabla ya dakika ya 15. Kijiti cha meno hakiaminiki sana hapa, maana kinaweza kupita kwenye kipande cha jibini na kutoka kimelowa ilhali mafini imeiva. Angalia kama kilichonata ni uzi wa jibini au ni unga mbichi, ukiwa na shaka choma mahali pengine. Kipimo kizuri zaidi ni kidole: bonyeza juu taratibu, pakirudi pameiva. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzijoto 94 hadi 96 katikati ya mafini, kama yuko pwani.

Ziache kwenye trei dakika tano tu, kisha uzitoe juu ya wavu. Zikikaa zaidi, mvuke unagandia kwenye chuma na chini zinalowa. Zikitolewa mapema, vipande vya jibini bado ni majimaji na mafini inakatika kiuno.

Ukiwa nyanda za juu

Vipimo hivi ni vya Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, au Muscat. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu 1,700, Kigali zaidi ya 1,500, Arusha 1,400, na Eldoret inapita 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na gesi ya beking pauda inatanuka zaidi kwa kiasi kile kile. Mafini inavimba haraka kabla unga na yai havijashika, halafu inaanguka. Pia maji yanachemka mapema, Nairobi kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo yanakauka kwa kasi. Ndiyo sababu mtu aliyezoea kuoka Mombasa akihamia Nairobi anaona ghafla keki zake zina bonde katikati, naye anailaumu oveni ya nyumba mpya.

Arusha, Goma na Kigali: beking pauda vijiko 2 na nusu, ongeza kijiko kimoja cha mezani cha maziwa. Nairobi, Mbeya: vijiko 2, vijiko viwili vya mezani vya maziwa, na oveni ipande mpaka 210 ili ganda lishike mapema, anza kuangalia dakika ya 16. Eldoret fanya kama Nairobi na uongeze kijiko kimoja cha mezani cha unga. Beking soda iache ilivyo, kazi yake kubwa ni kupunguza uchachu wa mtindi. Ile hesabu ya kipimajoto nayo isahau: Nairobi huwezi kusubiri 96 mahali ambapo maji yenyewe yanachemka kwenye 94. Toa kwenye 91 au 92.

Bila oveni

Sufuria nzito yenye mfuniko bapa inatosha. Tandaza mchanga mkavu uliooshwa, au chumvi ya mawe, unene wa sentimita mbili chini, weka kigoda kidogo cha chuma au mawe matatu ya kulingana, funika, na uipashe dakika 15. Trei ya matundu sita ikitosha vizuri, isipotosha tumia vikombe vidogo vya bati au vya alumini. Kwenye jiko la mkaa acha theluthi ya makaa chini na theluthi mbili juu ya mfuniko. Watu hufanya kinyume, wanaunguza chini na juu kubaki kweupe.

Muda ni dakika 25 hadi 30. Ukihisi harufu ya kuungua kabla ya dakika ya 15, punguza makaa ya chini badala ya kufunua. Kwenye jiko la gesi, ambako huwezi kuweka moto juu, mafini zitaiva lakini hazitapata rangi. Weka jibini ya juu dakika kumi za mwisho ili iyeyuke tu, na uridhike na hilo. Kikaangio cha hewa kinafanya vizuri kuliko wengi wanavyodhani: vikombe vya silikoni, nyuzijoto 165, dakika 13 hadi 15, vinne au vitano kwa mara moja. Jibini ya juu iweke dakika tano za mwisho, feni yake huirusha ikiwa bado mbichi.

Oveni ndogo za mezani zina shida nyingine, chuma cha moto cha juu kiko karibu mno. Shusha trei ngazi moja, na kama jibini inakuwa kahawia dakika ya kumi, ifunike kwa karatasi ya alumini baada ya dakika ya 15. Trei nyeusi nayo hunywa joto zaidi. Punguza nyuzijoto 10.

Zikiharibika, tafuta hapa

Chini zimelowa mafuta: jibini ilikuwa changa na ya mafuta mengi, au oveni ilikuwa baridi, jibini ikayeyuka na kuachia mafuta kabla unga haujashika. Hii ya pili ndiyo ya kawaida zaidi. Kuongeza jibini kupita gramu 200 kunaleta hali hiyo hiyo. Anayetaka ladha zaidi abadilishe jibini, asiongeze kiasi.

Zina ladha ya sabuni na ndani zina rangi ya hudhurungi: beking soda imezidi, au umetumia maziwa ya kawaida yasiyo na uchachu pamoja na soda. Soda inahitaji kitu kichachu cha kuimaliza.

Hazikupanda: jaribu beking pauda yako. Kijiko kimoja kwenye maji ya moto theluthi ya kikombe; isipofoka kwa nguvu mara moja, itupe. Kopo lililofunguliwa miezi mingi kwenye unyevu wa pwani hufa kimya kimya, tarehe ya kopo iseme itakavyo.

Zimepasuka na kuinamia upande mmoja: moto hauko sawa, geuza trei dakika ya 15. Zote zimechongoka kama mnara: rojo limekorogwa mno.

Zina chumvi kali: umetumia majarini yenye chumvi, au jibini ya feta, bila kupunguza nusu kijiko kile. Kwa feta ondoa chumvi yote.

Ukitaka kubadilisha

Mboga zote zina maji, na maji hayo lazima yatoke kwanza. Mchicha, gramu 150, uchovye kwenye maji yanayochemka nusu dakika, upoze, ukamue kwa mikono miwili mpaka ubaki kama ngumi ndogo, ndipo ukatekate. Pilipili hoho na uyoga vikaange kwenye sufuria kavu mpaka viache kutoa mvuke. Nyanya mbichi usitie, zilizokaushwa ndiyo. Soseji au nyama ya kusaga iliyokaangwa isizidi gramu 80, na jibini ipungue kwa gramu 30.

Unga wa mahindi unapendana sana na jibini. Ondoa gramu 80 za ngano, weka sembe laini kiasi hicho hicho, lakini uiloweke kwenye ule mtindi dakika kumi kabla, vinginevyo itabaki ya kusagika menoni. Pilipili mbuzi moja, bila mbegu, ikatwe ndogo sana, inakaa vizuri kwenye toleo hili, na kwa futari unaweza kuoka kwenye trei ya vitundu vidogo 24 kwa dakika 11 hadi 13.

Zilizobaki zisifunikwe zikiwa na joto. Nje hukaa siku moja, kwenye friji siku tatu, kwenye friza miezi miwili zikifungwa moja moja. Friji inazikausha, kwa hiyo usizile zikiwa za baridi ukadhani ndivyo zilivyo: oveni nyuzijoto 170, dakika 6 hadi 8, au 12 zikitoka friza bila kuyeyushwa. Maikrowevu, sekunde 20 tu na uzile hapo hapo.